Woga Umefutwa Rasmi

Tangazo lilisomwa asubuhi ya Jumatatu katika ukumbi wa chuo, mbele ya walimu wanafunzi wote, na aliyelisoma ni Bwana Yeremia mwenyewe, Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Uthabiti wa Walimu Watarajiwa. Alikohoa, akaweka tai sawa, akasema:

"Kuanzia leo, woga umefutwa. Kutetemeka mbele ya darasa, kutokwa na jasho lisilo la kazi, kusahau jina lako na kuomba ruhusa ya msalani katikati ya kipindi unachofundisha wewe mwenyewe ni mambo ambayo hayapo tena katika mfumo. Mwalimu mwanafunzi atakayeendelea kuogopa atambue kwamba anaogopa kinyume cha utaratibu."

Ukumbi ukapiga makofi. Hafidhi naye alipiga, ingawa viganja vyake vilikuwa vimelowa hata makofi yake yakasikika kama mtu anayefua.

Hafidhi alikuwa kijana wa mtaa wa Mwembesongo, Morogoro mjini, mrefu, mwenye sauti nzuri kabisa akiwa peke yake. Katika chumba alichopanga na binamu yake Said, alikwisha kuzifundisha kuta masomo yote ya shule ya msingi, na kuta hazikuwahi kulalamika. Tatizo lake lilikuwa watu. Utotoni aliwahi kulala na homa kwa sababu tu ametajwa kuwa kiranja wa zamu. Kwa hiyo aliposikia woga umefutwa alifurahi kwa dhati, akakaa kuusubiri uondoke. Jumanne ukawa bado upo. Jumatano ukazidi. Hafidhi hakuilaumu serikali. Alijiambia kwamba huenda habari zilikuwa hazijafika magotini.

Kurugenzi yenyewe ilikuwa changa, lakini imejipanga. Ilikuwa na Idara ya Sauti, Idara ya Magoti, na Kamati ya Muda ya Jasho ambayo muda wake ulikuwa ukiongezwa kila mwaka. Hakuna ofisa wake hata mmoja aliyewahi kufundisha darasa, jambo lililowawezesha kuitazama kazi ya ualimu bila upendeleo.

Hafidhi alipangiwa mazoezi ya kufundisha, yale wanachuo wanayoyaita fildi, katika shule ya msingi huko juu Mgeta, mahali ambapo mashamba ya kabichi na karoti yamelala kwenye mteremko kana kwamba yamebandikwa kwa gundi. Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Maimuna, mama mfupi asiyepoteza maneno.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa fildi? Mbona unatetemeka?"

"Baridi, mama."

"Baridi ya huku huanzia miguuni. Wewe umeanzia kidevuni." Akamtazama kwa muda, akamkabidhi boksi la chaki. "Darasa la sita, Sayansi. Mada ni mfumo wa upumuaji. Wapo wanakusubiri."

Hafidhi aliingia, akaandika ubaoni MFUMO WA UPUMUAJI kwa mwandiko wa kupendeza, kisha akageuka, akaona macho yote yale, na kuanzia hapo akasahau kupumua. Darasa lilingoja kwa adabu. Hatimaye kiongozi wa darasa, msichana aliyeitwa Hidaya, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, tukufutie ubao?"

"Ubao si umeandikwa sasa hivi?"

"Ndiyo, mwalimu. Lakini ukiandika tena utapata muda."

Wakamfutia. Akaandika tena. Wakamfutia tena. Siku hiyo mada iliandikwa mpaka chaki ikaisha, na Hafidhi alirudi ofisini akijiona mtu pekee nchini aliyefundisha kichwa cha habari kwa kipindi kizima.

Wiki ya pili, kwa kuwa hakuwa na heshima nyingine ya kupoteza, alijaribu jambo jingine. Alisimama mbele, akaweka mkono kifuani, akasema, "Wanafunzi, mnaona ninavyopumua juu juu. Niambieni, hapa ndani kunatokea nini?" Darasa zima likasogea. Walitazama mbavu zake zikipanda na kushuka, wakalinganisha na zao, wakakimbia kuuzunguka uwanja, wakarudi, wakajitazama tena. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wakielezea kazi ya kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, utadhani wamewahi kukishika. Hafidhi hakulitaja hilo katika taarifa yoyote. Angelieleza vipi bila kukiri kwamba alikuwa akiogopa, tena saa za kazi?

Kisha ikaja siku ya kutathminiwa, na mtathmini akawa Bwana Yeremia mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na gari la Kurugenzi lilikwama kwenye utelezi huko chini. Mkurugenzi alitazama njia ya miguu, akatazama viatu vyake vya ngozi, akaamua kwamba mlima nao uko chini ya mamlaka yake. Alipanda.

Hafidhi alikuwa katikati ya kipindi mlango ulipofunguka. Alisimama mzee amejishika kwenye fremu, tai imehamia mgongoni, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka, matundu ya pua yametanuka.

Hidaya akanyoosha kidole. "Mwalimu, huyu ndiye zana uliyosema utatuletea?"

Kweli Hafidhi alikuwa amewaahidi zana. Alimaanisha chupa ya plastiki na puto. Lakini alipomwona Mkurugenzi mlangoni, maneno yote ya Kiswahili yalimtoka kichwani, likabaki moja tu, nalo likajisemea lenyewe.

"Ndiyo."

Darasa likamzunguka Mkurugenzi.

"Angalieni mabega!"

"Misuli ya shingo nayo imo!"

"Mwalimu, anaweza kuvuta pumzi kwa kutumia pua peke yake?"

Bwana Yeremia aliinua kidole ili kutoa karipio, lakini karipio nalo linataka hewa. Ilimbidi asimame pale, achunguzwe na kuelezewa, mpaka hewa ilipomrudia.

"Mimi... ni... Mkurugenzi," akasema.

Wakampigia makofi, kama walivyozoea kumpigia kila aliyejibu.

Baadaye, ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Yeremia aliisoma tathmini kwa sauti. "Mtathminiwa anaogopa kwa kiwango kisichokubalika, na kwa namna isiyo na mpangilio. Inashauriwa aache."

"Nitaacha, mzee," akasema Hafidhi.

"Lini?"

"Hata leo, mzee."

Mwalimu Maimuna, aliyekuwa akimenya chungwa, alisema bila kuinua macho kwamba darasa la sita halijawahi kuelewa Sayansi kama muhula huu. Kwa ajili ya kauli hiyo Hafidhi alipewa alama za kufaulu, zile za chini kabisa, zinazotolewa kama mtu anavyompa mgeni kigoda kibovu.

Akahitimu. Kisha akaanza kutafuta kazi, yaani akaanza kuhudhuria usaili. Katika usaili wa kwanza aliambiwa ajitambulishe, akamtambulisha jirani yake wa kwenye foleni, kwa sababu jina lake lilikuwa jepesi kukumbuka. Katika mwingine aliulizwa udhaifu wake, akajibu kwa ukamilifu, na muda ulipoisha alikuwa bado hajafika nusu. Kuna mahali aliagana na wajumbe wote kwa mkono, akatoka, akajikuta amejifungia stoo, akaona aibu kurudi. Alikaa humo na mafagio mpaka jopo lilipokwenda kula. Mama yake akipiga simu kuuliza, alikuwa akimjibu kwamba mambo yanaendelea. Hakuwa akisema uongo. Yalikuwa yanaendelea tu, hayafiki. Lakini usiku ule wa stoo alilala amegeukia ukutani, na Said, ambaye kwa kawaida humcheka mpaka majirani wagonge ukuta, hakucheka.

Nafasi mpya zilipotangazwa, usaili ukapangwa kufanyika Morogoro mjini. Asubuhi yake Said, anayeuza mashati ya mitumba, alimkuta Hafidhi na pasi mkononi.

"Mwanangu, hilo shati limenyooka tangu jana. Unataka lisimame lenyewe liende kusailiwa?"

"Mwenyekiti wa jopo ni Yeremia."

"Yule uliyemfanya zana?"

"Huyohuyo."

Said akakaa kitandani. "Hapo umeyakanyaga, kaka. Sikiliza. Wewe mpambe kwa maneno tu. Wakubwa wanapenda sifa kuliko pilau. Mpambe mpaka ajiulize kama ni yeye."

"Nimsifie kwa lipi?"

"Lolote. Usichague."

Jopo lilikaa nyuma ya meza ndefu. Katikati alikuwa Bwana Yeremia. Pembeni alikaa mama mmoja mtu mzima aliyevaa kitenge, Bi Eufrazia, aliyetoka makao makuu kuja kutazama jinsi Kurugenzi inavyofanya kazi. Mkurugenzi alikuwa akimgeukia kila baada ya sentensi, mithili ya alizeti inayolitafuta jua.

"Tumewahi kuonana?" Bwana Yeremia akauliza, akimkazia macho Hafidhi.

"Hapana, mzee. Ndiyo, mzee."

"Eleza mkakati wako wa kudhibiti woga darasani."

Hafidhi alikuwa na majibu. Alikuwa ameyakariri njiani, akayarudia mlangoni. Lakini yote yaliruka kama njiwa waliorushiwa jiwe, na ndani ya kichwa kitupu ikabaki sauti ya Said peke yake.

"Mkakati wangu ni Mkurugenzi," akasema.

"Fafanua."

"Mkurugenzi ndiye aliyeufuta woga. Mimi naamini... mwalimu akimwona Mkurugenzi kwa macho yake, amesimama mbele ya darasa la sita, anafundisha, hata kwa dakika chache tu... huyo mwalimu hatatetemeka tena maishani."

Alijisikia vibaya aliposema hivyo. Alijua kwamba hajawahi kujipendekeza kwa kiasi hicho, na kwamba mama yake angeona aibu. Bwana Yeremia, kwa upande wake, alinenepa palepale kwenye kiti.

Bi Eufrazia akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Hilo limewahi kufanyika?"

"Linaweza kufanyika wakati wowote, mama," akajibu Mkurugenzi, bado sifa zimemlevya. "Darasa kwangu ni kama sebuleni."

"Vizuri sana. Basi lifanyike. Nitakuja mwenyewe. Wapi?"

Tabasamu la Bwana Yeremia lilibaki lilipokuwa, ila mwenyewe alionekana amelihama. Akamtazama Hafidhi, kama mtu anayeomba atajiwe shule iliyofungwa. Hafidhi hakuwa na hila. Alikuwa na shule moja tu kichwani.

"Mgeta," akasema.

Alitoka akiwa na hakika kwamba amejimaliza. Siku majina yalipotoka, Said ndiye aliyeliona la kwake, akapiga ukelele uliofanya wateja wawili waache mashati na kukimbia. Hafidhi alikuwa amepata kazi, katika shule ileile ya huko juu, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa ameiomba. Aliketi juu ya marobota ya mitumba akapiga simu kwa mama yake, na kwa mara ya kwanza akakosa neno la kusema kwa sababu ya furaha. Mama akamwambia apumue kwanza.

Ziara ya Mkurugenzi nayo ikaandaliwa, ikapewa jina la Mpango Maalumu wa Kuambukiza Uthabiti kwa Njia ya Kumwona Mwenye Nao. Bango lilitundikwa shuleni. Siku ilipofika hapakuwa na mvua, na gari lilifika mpaka uwanjani bila shida, jambo ambalo Bwana Yeremia hakuonekana kulifurahia. Idara ya Sauti iliketi kulia, Idara ya Magoti kushoto.

Kabla ya kuingia darasani, Mkurugenzi alimvuta Hafidhi pembeni, nyuma ya tangi la maji.

"Mwalimu Hafidhi. Hawa watoto huwa wanauliza maswali?"

"Wanauliza, mzee."

"Hata yasiyo kwenye andalio la somo?"

"Hasa hayo."

Mkurugenzi akajifuta paji la uso. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. "Kuna joto leo," akasema.

"Joto kali, mzee," akajibu Hafidhi, akiwa amejikunyata ndani ya sweta.

Alikuwa ameisubiri siku hii kwa hamu asiyoweza kumsimulia mtu. Alikuwa amepanga kuketi nyuma, kukunja mikono na kustarehe. Badala yake, alipokaa kwenye dawati la mwisho karibu na Bi Eufrazia, aligundua kwamba magoti yake yanagongana. Inaelekea woga wake haukuwa wa kibinafsi. Ulikuwa wa umma, tayari kumhudumia yeyote.

"Pumua, mzee," akanong'ona, lakini alikuwa mbali mno kusikika.

Darasa la sita jipya lilisimama wima. Bwana Yeremia akapanda mbele, akaweka andalio lake mezani, likaanguka, akaliokota, likaanguka tena, akaliacha. Akamtazama Bi Eufrazia. Akazitazama zile sura ndogo, safi, zenye subira, zilizofundishwa nyumbani kwamba mgeni haharakishwi. Mdomo ukafunguka, ukafungwa. Ofisa wa Idara ya Sauti akainama mbele. Ofisa wa Idara ya Magoti alitazama chini haraka, kama mtu aliyeona siri ya familia.

Ndipo Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Uthabiti, kwa sauti nyembamba ambayo hakuna idara iliyowahi kuiorodhesha, akawaamkia wanafunzi.

"Shikamooni."

Watoto wakatazamana. Lakini walikuwa watoto wenye malezi mema, na salamu haiachwi ikaning'inia hewani.

"Marahaba!" wakaitikia wote kwa pamoja. "Hujambo?"

Mkurugenzi akabana miguu, akanyoosha mikono ubavuni, akainamisha kichwa.

"Sijambo," akajibu.