Mwano Nilioupiga kwenye Intaneti Haukuitikiwa

Ofisi ya Katibu wa Sungusungu,
Isaka, Wilaya ya Kahama.
15 Oktoba 1998

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA WANACHAMA 409 WA INTANETI KWA KUTOTOKEA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nakusalimu wewe na mitambo yako. Kwa haki barua hii ilikuwa iende kwa Mwenyekiti wa Intaneti, lakini nimemuulizia posta, nimemuulizia stesheni, nimewauliza hata madereva wa malori ya Rwanda ambao wamefika nchi nyingi, na hakuna anayejua ofisi yake. Naomba basi uichape gazetini, ataisoma hukohuko aliko. Sidhani kama mtu asiyesoma magazeti angepewa kuongoza chombo kikubwa namna ile.

Mimi ni Katibu wa Sungusungu wa hapa Isaka. Kwa faida ya wasomaji wako wa pwani, ambao wakiibiwa huenda kuandikisha polisi na kusubiri, Sungusungu ni ulinzi wetu wa jadi. Kwetu mtu akivamiwa hupiga mwano, yaani ule ukelele wa hatari, na kila mwanamume anayeusikia lazima atoke na rungu lake, awe anakula, awe anaumwa, awe amegombana na mwenye nyumba. Asiyetoka hutozwa mbuzi. Akirudia hutengwa: hasalimiwi, hauziwi, hanunuliwi, hapewi hata kijinga cha moto. Daftari la wasiotoka naliandika mimi, mwaka wa kumi na moja sasa, na shemeji yangu yumo mara mbili.

Yalipolipuka yale mabomu ya Agosti kule Dar es Salaam na Nairobi, niliumia sana. Nikasikia redioni kwamba magaidi wa siku hizi wenye msimamo mkali wa dini wanawasiliana kwa kompyuta. Nikajiambia, kama mwizi anapita kwenye kompyuta, basi na mwano upigwe humohumo. Hapa Isaka kompyuta yenye waya wa simu ni moja tu, iko kwenye ofisi ya Mzee Mohamedali, mwenye duka, ambaye pia hushughulikia mizigo ya bandari kavu. Anayeiendesha ni binti yake, Kausar, aliyemaliza kidato cha sita. Nilimkuta binti huyo tayari ni mwanachama wa kundi la watu wa nchi mbalimbali wanaopinga ugaidi kwa kuandikiana. Bila yeye wako 412. Nilipomweleza shida yangu alifurahi, akanivutia kiti, akaniambia, "Karibu, Baba Martina, tunahitaji watu." Tarehe 14 Septemba niliusema mwano, yeye akautafsiri na kuutuma. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Kati ya wanachama 412, walioitikia ni watatu. Mmoja yuko Kanada, akaandika kwamba moyo wake uko pamoja nasi. Nilimshukuru kwa moyo, nikamuuliza mwili unakuja kwa treni ya siku gani. Hajajibu. Wa pili alituma picha ya mshumaa. Hapa umeme hukatika mara kwa mara na mshumaa ungetufaa, lakini ule hauwaki. Wa tatu aliuliza Isaka ni nini. Waliobaki 409 hawakusema lolote, na nina hakika walisikia, maana Kausar anasema ujumbe unamfika kila mmoja nyumbani kwake. Nimewatoza mbuzi mmoja kila mtu. Mbuzi 409 waletwe Isaka kwa reli. Mabehewa tunayo, wachungaji tunao, na kisingizio cha umbali sikipokei, kwa kuwa wao wenyewe husifu kila siku kwamba intaneti imefuta umbali.

2. Kundi hilo halina adabu ya kukamata. Mwezi uliopita aliingia mtu mmoja anayejiita kwa jina la upanga, akasifu mabomu na kusema hiyo ndiyo dini. Kwetu mtu huyo angekuwa amefungwa kamba kabla hajamaliza sentensi. Kausar alimjibu kwa maneno, siku kumi na moja mfululizo, kila baada ya alasiri. Akamtolea aya. Akamuuliza, kati ya wale waliokufa ni nani aliyemkosea yeye. Akamuuliza kama alijua wangapi kati yao waliswali alfajiri ile. Akamwambia, "Hii dini bibi yangu alinifundisha nikiwa mtoto, na wewe umeiokota jana barabarani, hivyo nirudishie." Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nikamshauri aachane na maswali marefu, amuulize jina la baba yake, kijiji chake na balozi wake wa nyumba kumi. Alimuuliza ili kunifurahisha. Mtu hakujibu, na siku ya kumi na mbili akatoweka. Wanachama wakapongezana sana. Wawili waliokuwa wameanza kumuunga mkono waliandika kwamba wamebadili mawazo, mmoja akamwomba Kausar radhi. Nikauliza, mtuhumiwa mwenyewe yuko wapi? Hakuna anayejua. Huo ndio ushindi wa intaneti, Ndugu Mhariri. Mwizi ameambiwa ukweli, akaenda zake.

3. Baada ya hapo nilianza kutafakari kama katibu. Msichana wa Isaka, mwenye miaka ishirini, anajuaje hoja zote za wenye msimamo mkali, moja baada ya nyingine, na jibu la kila moja? Asiyeishi nao atazijuaje? Nilimuuliza, akasema amesoma wanachoandika ili aweze kukipinga. Jibu zuri mno. Jibu zuri namna hiyo halitoki kwa mtu asiye na kitu cha kuficha. Nikapanua uchunguzi mpaka kwa baba yake, na haya ndiyo niliyoyapata:

(a) Mzee Mohamedali anaongea Kisukuma kuliko mimi. Anadai ni kwa sababu alizaliwa hapahapa stesheni. Wengi tumezaliwa hapa na hatujionyeshi hivyo.

(b) Anauza tambi za baruti kwa wachimbaji wa Mwakitolyo, na kibali ameking'iniza ukutani mahali ambapo kila mtu anakiona. Nilimhoji mteja wake mmoja, mchimbaji aitwaye Edson, kuhusu matumizi. Akanijibu kwa dharau, "Mzee, mwamba haubembelezwi." Kauli hiyo nimeiandika. Nilipofuatilia nikagundua kwamba baruti iko Mwakitolyo yote, iko Geita yote, iko kila penye shimo la dhahabu, na wanaoilipua ni Wakatoliki, Wasabato na waganga wa kienyeji. Kwa hesabu yangu tunao magaidi elfu kadhaa. Nimewaandika wote, akiwamo mpwa wangu, ambaye ndiye anayenisomeshea mtoto.

(c) Niliandaa Fomu ya Kusikitikia Mabomu, yenye nafasi ya jina, dini, kiasi cha masikitiko na mhuri. Niliwapelekea Waislamu peke yao, kwa kuwa sisi wengine masikitiko yetu yanajulikana. Mzee Mohamedali aliisoma, akanirudishia kwa mikono miwili, akaniambia, "Bwana Donatus, mimi nimeshalia nyumbani kwangu." Nilimweleza kwamba kilio cha nyumbani hakina kumbukumbu ofisini. Pritesh wa duka la vitambaa, ambaye ni Mhindu na sikumpelekea, alikuja mwenyewe mbio akajaza fomu mbili. Sasa namchunguza na yeye, maana mtu asiye na hatia angejaza moja.

4. Kwa ushahidi huo, tangu tarehe mosi mwezi huu niliwaambia watu wasikanyage duka la Mohamedali mpaka Sungusungu wakutane. Watu walitii, na sipendi jinsi walivyotii haraka, bila hata kuuliza fomu. Lakini zoezi lina kasoro. Chumvi imekwisha Isaka nzima. Mke wangu, Apolonia, ananipikia mlenda usio na chumvi na kuniwekea kopo tupu la chumvi pembeni, na mimi najua maana yake. Mafuta ya taa hakuna. Duka linafunguliwa kila asubuhi, linafagiliwa, mizani inafutwa vumbi, na wenyewe wanne, yaani mzee, mkewe, Kausar na mdogo wake, wanakaa humo mpaka jioni kana kwamba kuna wateja. Hali hii inawakera wapita njia. Naomba serikali itunge sheria ya kumlazimisha aliyetengwa afunge mlango, ili wanaomtenga wasiumie roho.

5. Mkutano wetu ni Jumamosi hii. Nitapendekeza familia hiyo iondoke Isaka kwa treni ya wiki ijayo, na kompyuta ibaki kwa Katibu. Nitajifunza kuiwasha.

6. Kwa Mwenyekiti wa Intaneti nina maombi machache ya mwisho. Aweke balozi kwa kila kompyuta kumi. Asimkubali mtu anayejiita upanga, mwali wa moto au mnyama yeyote, bali jina la ubatizo au la ukoo. Kila mwanachama agawiwe filimbi. Na kabla ya kuendelea kueneza chombo chake katika wilaya yetu, afike yeye mwenyewe Isaka, atambulishwe kwa Ntemi wetu, yaani mkuu wa Sungusungu, Mzee Mabula, kama mgeni yeyote mwenye heshima.

Nitashukuru ukiichapa kabla ya Jumamosi, au mapema zaidi. Nisalimie wahariri wadogo, wapiga picha, wauza magazeti wa stesheni zote kuanzia Dar es Salaam mpaka Tabora, na yule mwanachama wa Kanada kama atasoma, mwambie sijamsahau.

Mimi niliye macho kwa niaba ya waliolala,
Donatus Bujiku,
Katibu.

Nyongeza, Jumanne tarehe 20. Barua hii ilichelewa kwa sababu karani wa posta alikuwa msibani, nami nalazimika kuongeza kidogo. Mkutano ulifanyika. Nilisoma ushahidi wote kwa muda wa saa moja na nusu. Ntemi Mabula akaniuliza maswali mawili tu. Nani alipiga mwano? Nikasema mimi. Ulimwona nani? Nikaeleza kuhusu kompyuta, naye akauliza tena, polepole, "Bujiku, nakuuliza, ulimwona nani?" Ikabidi niseme sikumwona mtu. Kisha akamwita Kausar, ingawa mwanamke hajawahi kusimamishwa pale, akamwambia asome kwa Kiswahili yale aliyomwandikia yule mtu wa upanga. Alisoma yote ya siku kumi na moja. Akina mama waliokuwa wamekaa nje ya mduara walimwomba arudie ile ya bibi yake. Wazee hawakwenda hata kando kushauriana. Marufuku ya duka imeondolewa, na aliyepiga mwano bila kuona mwizi ametengwa mpaka mavuno. Daftari wamempa shemeji yangu.

Jana asubuhi nilikwenda dukani na chupa yangu ya mafuta ya taa. Duka lilikuwa limejaa, watu wa wiki mbili na nusu wote kwa pamoja. Nilisalimia, wakaangalia dari. Mama Kausar ndiye aliyeitikia, kwa sauti ya kusikika, akaniambia, "Marhaba, Baba Martina, lete chupa." Unajua sheria yetu: anayemuuzia aliyetengwa naye hanunuliwi. Wateja wakaanza kutua vitu mezani, mmoja mmoja, hata yule ambaye sukari yake ilishapimwa, wakatoka. Yule mama aliona wakitoka. Alikuwa amengoja siku kumi na saba wapite mlango ule. Akajaza chupa yangu mpaka shingoni, akaifuta kwa kitambaa, akauliza mguu wa Apolonia unaendeleaje. Nilichukua chupa nikatoka, Mhariri. Nililia barabarani, mtu mzima, na hapakuwa na wa kuniuliza kuna nini, kwa kuwa haruhusiwi.

Mimi nimeonja siku tatu. Wao niliwapa kumi na saba.

Kwa hiyo barua hii usiichape. Nyuma ya karatasi nimenakili kwa mkono wangu yale majibu ya siku kumi na moja, Kausar amenisomea taratibu nami nikaandika. Ukipata nafasi, chapa hayo. Jina langu lisiwepo popote. La kwake liandike lote: Kausar Mohamedali, wa Isaka.