Habari za Wilfred Entwistle, Aliyekula Chambo Akaiacha Ndoana

Sogeeni, enyi mliowahi kupanga foleni mvuani kwa ajili ya kupunguziwa peni moja. Wekeni chini mifuko yenu mkae kitako, na asiye na subira atangulie akanunue mkate. Nawasimulia vita vya Wilfred Entwistle, mkaguzi mstaafu wa tiketi za mabasi, Simba wa Bonde la Rossendale kule Uingereza, mwenye kofia isiyopitisha maji, aliyeingia ngome ya adui siku ya Alhamisi mchana kweupe akatoka mikono mitupu. Nikitia chumvi mnisamehe, ni kidogo tu.

Adui alikuwa Duka Kuu, lile la chini ya mji, lenye pampu nane zilizojipanga kama askari wa gwaride. Lilipofunguliwa miaka sita iliyopita, liliuza petroli kwa bei ambayo Cyril Haworth, shemeji yake Wilfred, hakuipata hata aliponunua kwa jumla. Cyril alikuwa na kituo chake, pampu mbili kando ya kanisa la Kimethodisti, na alikuwa ameketi nyuma ya kaunta yake miaka ishirini na minane. Kituo hakikumaliza majira ya baridi. Pampu zikaenda kwa mtu wa vyuma chakavu, na tangu hapo Cyril hakukanyaga kwa adui.

Ndipo Wilfred akala kiapo. Alijua, kama wajuavyo wazee wote wasomao gazeti hadi ukurasa wa mwisho, kwamba maduka makubwa hayapati faida yoyote katika petroli. Petroli ni chambo, na ndoana ni kuku wa kuoka na soksi za nusu bei. Akaapa kula chambo na kuiacha ndoana. Kila wiki kwa miaka sita alijaza tangi palepale, asinunue hata kiberiti, na kila lita aliihesabu kuwa mkuki ubavuni mwa yule aliyemfilisi shemeji yake.

Cyril hakuyaona hivyo. Yeye aliliona gari la shemeji yake kwa adui, basi. Krismasi sita walikaa ncha mbili za meza moja wakipitishiana viazi kwa mkono wa Edna, mke wa Wilfred na dada yake Cyril, na jambo lenyewe halikutajwa. Lilimuuma Wilfred kuliko alivyokubali. Maana kama Duka Kuu lilipata hasara, yeye alikuwa mlipiza kisasi. Na kama lilipata hata nusu peni, alikuwa msaliti, tena msaliti wa kila wiki.

Alhamisi hiyo Cyril alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Jicho moja limefunikwa, kuendesha haruhusiwi, na Edna akamtuma mumewe akamchukue hospitalini. Njiani wakirudi, taa ya kuonya kwamba mafuta yanaisha ikawaka. Wilfred alijua tangu Jumanne kwamba itawaka, akanyamaza, kwa kuwa majemadari huchagua wenyewe uwanja wa kupigania.

"Mbona tunakata kushoto?" Cyril akauliza.

"Tunakwenda vitani, shemeji. Leo utashuhudia."

"Kwa jicho moja?"

"Litatosha."

"Haya. Lakini mimi sishuki."

Wilfred akashuka peke yake mbele ya pampu namba sita, akaushika mpini wake kama mfalme ashikavyo upanga, na tarakimu zikaanza kukimbia. Wanaume wengi wa bonde lile, watu wazima na heshima zao, wameaibishwa hapo na peni moja ya ziada. Yeye alipunguza kasi, akadonoa, akangoja, akadonoa tena, na tarakimu zikasimama kwenye pauni thelathini kamili. Akageuka amwone shahidi wake. Shahidi alikuwa akitazama mvua.

Ikabaki ngome yenyewe, kile kibanda cha kulipia, ambamo chokoleti hukaa kulia na maua kushoto, na harufu ya soseji za moto humshika mtu kola. Wilfred akapita katikati akitazama mbele. Kwenye kaunta alikuwepo Denise, mwanamke mwenye miwani shingoni, ambaye humwita kila mtu mpenzi.

"Namba sita, mpenzi? Hutaki na donati? Nne kwa bei ya mbili."

"Mama," Wilfred akanena kwa sauti ya kusomea amri, "nimekuja kwa petroli, na kwa petroli nitaondoka. Niambie kweli mbele ya watu hawa: mwajiri wako anapata faida yoyote kwa haya mafuta yangu?"

"Mimi sijui, mpenzi. Nimeambiwa niulize habari za donati."

"Mzee, lipa tusonge," akasema mtu wa nyuma yake. "Soseji yangu inapoa."

Akalipa, akatoka. Akafungua mlango wa gari akaitandaza mikono yake miwili mbele ya jicho zima la shemeji yake.

"Tazama, Cyril. Mitupu. Miaka sita wananiwekea ndoana, na miaka sita nawaachia. Hawajapata kitu kwangu. Nilifanya kwa ajili yako, ndugu yangu, wala sikujua nikuambieje."

Cyril aliitazama ile mikono.

"Ni kweli," akasema. "Petroli haina faida. Hata kwangu haikuwa nayo."

"Kwako?"

"Niliishi kwa kilichokuwa juu ya kaunta, Wilf. Magazeti, chai, peremende. Mtu akija kulipa akachukua na kitu, ndiyo ilikuwa riziki yangu." Akafuta kioo kwa mkono wa koti. "Wewe ulijaza kwangu miaka ishirini na minane. Hukuwahi kuchukua hata pipi ya mnanaa."

Simba wa Rossendale alisimama mvuani, na kwa mara ya kwanza kofia yake ikapitisha maji. Aliona aibu, hakuna neno jingine. Halafu akafunga mlango taratibu, akageuka, akarudi ndani.

"Umesahau kitu, mpenzi?" Denise akauliza.

"Peremende za mnanaa. Paketi moja."

"Mbili ni nafuu zaidi."

Wilfred akafumba macho. "Lete mbili."

Wakakaa garini, vioo vimefunikwa na mvuke, kila mtu na peremende yake shavuni.

"Ghali hizi," Cyril akasema.

"Kwako zilikuwa bei gani?"

"Sasa ndio unauliza."

Lakini akamnyooshea paketi achukue nyingine.

Basi na iandikwe, wenye kalamu waandike: Alhamisi ile, kwa paketi mbili za mnanaa, Duka Kuu lilipata faida yake ya kwanza kwa Wilfred Entwistle, na Krismasi iliyofuata, Edna akiwa jikoni, viazi vilivuka meza vyenyewe, kutoka mkono wa shemeji hadi mkono wa shemeji.