Tete Juu ya Mlango Wangu

Jumatano, 7 Januari

'M'e 'Malineo kaja tena. Begi mgongoni, viatu vimejaa tope, mizani ya watoto inaning'inia begani. Ni mhudumu wa afya, anawazungukia wajawazito na wenye vichanga nyumba kwa nyumba. Kwangu anamfuata Moliehi, binti yangu, aliyerudi nyumbani kuzaa mtoto wa kwanza kama desturi inavyotaka. Tatizo ni kwamba desturi inamtaka binti arudi kwa mama yake, na mama yake tulishamzika. Nimebaki mimi.

Kamfunga kile kitambaa cha kupimia presha, kamminya miguu, kaguna. Kisha kanivuta nje hadi zizini na kutoa hukumu: Jumamosi Moliehi ashuke kliniki, ng'ambo ya mto, akasubirie uchungu hukohuko kabla maji hayajafunga njia. Presha yake haimpendezi. Nikamjibu sawa 'm'e, sawa mama, nimesikia. Moyoni nikasema thubutu!

Mjukuu wangu atazaliwa humuhumu. Moliehi alizaliwa humu. Na marehemu 'Mamoliehi, mke wangu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwazungukia wazazi wa milima hii, juu ya farasi wa kijivu, blanketi la kahawia begani, mimi nimeshika hatamu. Enzi hizo watu wakisikia kwato zake tu, maji yanawekwa motoni. Siku hizi wanakuja na vyombo vya betri.

Halafu kuna Seabata, jirani yangu. Mjukuu wake alizaliwa Septemba palepale nyumbani. Likapachikwa tete la mtoni juu ya mlango, kama kawaida, kwamba humu mna mzazi, mwanamume asikanyage. Seabata akawa anapitisha wageni makusudi walione. Na kwa kuwa mtoto ni wa kiume, alicharazwa fimbo ya furaha, ile ya baba wa mtoto ambaye hakuwepo, mpaka leo anaonyesha mgongo. Mtoto angekuwa wa kike, angemwagiwa maji tu na yangeisha. Tete lenyewe lilikuwa limepinda!

Ijumaa, 9 Januari

Mpango umeiva. Mimi huyu, nina kichwa!

Kesho 'Malineo ana mzazi mwingine nyuma ya kilima, kwa hiyo anamtuma kijana Pokane na farasi wake aje kumchukua Moliehi. Pokane ni mwanamume. Akikuta tete mlangoni ataamini mtoto keshazaliwa. Hawezi kuingia, hawezi kumtoa mzazi nje, atageuza farasi. Jioni mvua, mto utajaa, kliniki itabaki huko iliko.

Nimeshuka bondeni kukata tete. Nimechagua lililonyooka. Nani kanikuta? Seabata. Nikamwambia natengeneza mtego wa panya. Akaniuliza panya gani huyo mrefu kiasi hicho. Hana dogo, yule mzee.

Moliehi hakugusa ugali. Anasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni joto hilo, alale.

Jumamosi, 10 Januari

Nimelipachika kabla Moliehi hajaamka. Likapendeza sana.

Pokane kafika, kaliona, kavua kofia palepale. Kanipa mkono, kaniuliza wa kike au wa kiume. Nikasema bado sijaambiwa, na huo si uongo. Akageuka na farasi wake, na kila nyumba aliyopita akatangaza. Ushindi!

Sikuwa nimewaza habari ya kutangaza.

Hata chai sijamaliza, wanawake wa kijiji hao, vigelegele, kuni, ndoo za maji, sufuria ya uji wa mtama uliochachuka. Mbele yao 'Maseabata, mke wa jirani. Nikajaribu kuwatangulia ndani nimwonye Moliehi. 'Maseabata akanyoosha mkono mlangoni.

"Unakwenda wapi, Ntate, mzee wangu? Hulioni tete?"

Nikabaki nje. Nje ya nyumba yangu, kwa tete langu! Blanketi ndani, tumbaku ndani, meno yangu ya bandia ndani.

Vigelegele vikakatika ghafla. Nikajiandaa kutukanwa. Hakuna aliyetoka kunitukana, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mwishowe 'Maseabata akatoka, uso umebadilika. Akasema hamna mtoto, ila mama yuko taabani: uso umevimba, kichwa kinampasuka, anaona vimulimuli tangu jana. Nikasema mbona hakuniambia. Mambo ya uzazi binti hamwambii baba, na mimi nilikuwa najua.

Wakamtuma mtu kilimani kumfuata 'Malineo. Mvua ikaanza, ileile niliyokuwa naiombea.

Jumapili, 11 Januari

Naandikia zizini.

'Malineo alifika jana jioni, kalowa chapachapa, Pokane nyuma yake. Alipopima presha hakuguna, akapima tena. Akatoka, akaling'oa tete, akanikabidhi. Kisha akaomba tandiko la 'Mamoliehi. Farasi wa Pokane ana tandiko jembamba, mgonjwa wa hali hii hawezi kulikalia. La mke wangu lilishonwa pana kwa ajili hiyo. Limetundikwa ukutani tangu msiba, Seabata aliwahi kuliomba nikamtimua. Nikalishusha mwenyewe, nikalifuta vumbi kwa mkono wa shati.

Mtoni maji yalikuwa yanafika tumboni mwa farasi. Pokane alitaka kushika hatamu. Nikamwambia aniachie, kazi hii naijua tangu hajazaliwa. Moliehi aliinama shingoni mwa farasi, analia taratibu, anamwita mama yake. Na mimi nilikuwa namwita huyohuyo.

Tulipotokea ng'ambo, 'Malineo akanigeukia.

"Mkeo ndiye aliyenifundisha kazi, Ntate. Msimu wa mvua hakumwacha mzazi aliye hatarini kule juu hata mmoja. Wote aliwateremsha, na wewe ndiye uliyekuwa umeshika hatamu."

Nikasema nakumbuka. Nakumbuka maji, nakumbuka baridi, nakumbuka alivyokuwa akiimba ili mwenye uchungu asiogope. Kwamba tulikuwa tunakwenda kliniki, hilo sikuwa nimelitilia maanani.

Wamempakia gari la kliniki kwenda hospitali ya wilaya. Baba haendi, hayo ni mambo ya wanawake. Nimerudi na Pokane tu kabla mto haujafunga kabisa.

Jumatano, 14 Januari

Mto umefunga. Simu haishiki huku. Nimeshinda ukingoni. Seabata kaja kukaa karibu, hakutania hata kidogo, na hilo limenitia hofu zaidi. Kaleta viazi vya kuchoma. Nikamrudishia. Meno nimeshayapata, ni hamu ndiyo sina.

Nikimpoteza Moliehi, nitamwambia nini mama yake?

Jumanne, 20 Januari

Maji yamepungua. Asubuhi nikamwona 'Malineo anavuka, sketi kaikusanya mkononi, begi kichwani. Nikasimama. Uso wake haukusema kitu. Akafika, akamwomba 'Maseabata aliyekuwa akichota maji ndoo yake, akainama mtoni akaijaza, akanijia polepole.

Akanimwagia yote kichwani.

Wa kike! Mumewe Moliehi yuko migodini, kwa hiyo maji ya baba nimeyaoga mimi. Mama mzima, mtoto mzima, mdogo lakini ananyonya kwa bidii. Nililia pale mbele ya Seabata, wala sikuona haya, maana nilikuwa nimelowa uso wote na nani angejua. Seabata alijua. Akanivika blanketi lake.

Jumapili, 25 Januari

Wamerudi. Moliehi juu ya tandiko la mama yake, mtoto kifuani. Nikaharakisha kufungua mlango. 'Malineo akanitangulia, akapachika tete jipya, akaligongelea misumari huku ananitazama mimi. Akasema atakuwa anakuja kila wiki kumpima mtoto, na akinikuta ndani tutaonana wabaya.

Kwa hiyo nalala kwa Seabata. Anakoroma. Na mgongo wake ule kanionyesha tena.

Kutoka hapa nasikia mjukuu akilia. Sauti ya bibi yake kabisa, ile ya kumfokea farasi. Eti nisubiri mpaka tete lishuke! Nisubiri nini, na nyumba ni yangu?

Nimefikiri vizuri, na safari hii mpango hauna tundu. 'Maseabata kanitolea nje sanduku la nguo, na ndani yake limo blanketi la kahawia la 'Mamoliehi. Nimelinusa. Bado lina harufu ya farasi. Kilemba chake nacho kimo. Kesho wanawake wakishuka kuchota maji, najitanda blanketi, najifunga kilemba, nainamisha kichwa, naingia kama bibi yeyote aliyekuja kumwona mzazi.

Ndevu tu ndizo sijajua nizifanyeje.