Prosesa ya Kori Nne

Wapo wateja ambao wakiingia tu dukani unajua Mungu hajakusahau. Agosti 2007, Thuo alimwona Jepkosgei hivyo: miwani, vumbi la visima vya mvuke vya Olkaria kwenye viatu, bahasha ya ofisi mkononi. (Thuo ndiye mimi. Namwita Thuo ili aibu tugawane.)

"Sasa boss. Natafuta kompyuta iko na prosesa ya kori nne. Ya kupiga hesabu za mvuke huko chini ya ardhi."

"Ziko, madam. Hata za tano naweza kuagizia."

Ukweli ni kwamba Thuo hakujua kori ni nini (ni kama bongo ndani ya prosesa, niliambiwa baadaye). Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ya kori moja, yenye stika ya kori nne aliyoichapisha mwenyewe. Hata kompyuta alikuwa ameifundisha uongo: ukibofya maelezo yake, inasema nne. Akamkaribisha abofye.

"Mimi sibofyi," Jepkosgei akasema. "Naandika amri kwa skrini nyeusi. Na lazima nitesti kwanza. Si hata balbu mnatesti kabla mtu alipe?"

Angekataaje? Nakuru hakuna anayebeba balbu ambayo hajaiona ikiwaka.

"Rudi after lunch, madam."

Akakimbia kwa Mayur, muuzaji jirani aliyekuwa na kori nne za kweli. Mayur hakopeshi kwa maneno matamu. Alitaka dhamana, ya siku moja tu. Siku ikipita, dhamana ni yake. Thuo akaenda nyumbani Section 58 akachukua televisheni ya mkewe, Wariara, aliyeinunua kwa pesa za zamu yake katika chama cha kuchangiana na aliyekwisha kuapa kwamba ikitoka, Thuo ataifuata. Mpango ulikuwa mtamu: Jepkosgei atesti mashine ya Mayur, kisha wakati wa kufunga boksi, iingie ile yenye stika.

Mchana Jepkosgei akarudi, akaandika amri yake. Namba zikaanza kuporomoka kwenye skrini.

"Itachukua muda?"

"Kidogo tu. Usizime."

Siku ya kwanza ikaisha. Wariara akaambiwa televisheni iko kwa fundi. Siku ya pili Thuo alinunua chai na mandazi, ya tatu samosa, akawafukuza wateja wengine wasije wakakanyaga waya. Alijiambia kwamba mtu aliyekula samosa zako hawezi kukutoroka. Alijiamini sana, maskini.

Mwishowe namba zikasimama. Jepkosgei akazihamishia kwenye flashi.

"Iko poa kabisa, boss. Asante."

"Basi nifunge?"

"Ufunge nini? Za ofisi zinakuja mwezi ujao. Mimi nilikuwa nataka majibu tu, bosi wangu anayangoja Ijumaa."

Thuo akamrudishia Mayur mashine yake.

"Ni yule mama wa mvuke?" Mayur akauliza. "Last week alikaa kwangu siku nne. Nilimpa mpaka chapati. Lakini TV, rafiki, tulisema siku moja."

Jioni nilimweleza Wariara ukweli, na hapo Thuo hakunisaidia, nilikuwa mimi peke yangu. Niliogopa kweli. Hakupiga kelele. Saa ya kipindi chake ilipofika, aligeuza kiti chake kutoka ukutani pale televisheni ilipokuwa, akanielekea, akakunja mikono.

"Haya," akasema. "Anza tena. Na usiruke habari za samosa."