Mwani wa Mama Watoto

Jumatatu, 3 Machi
Mama watoto kaondoka. Kozi ya kazini, wiki mbili. Kaniachia mama yake, mwenye goti bovu, na tangi lake la maji ya chumvi pale sebuleni, lenye samaki mmoja wa rangi ya chungwa. Samaki anaitwa Meneja. Kamlea miaka, kwa mapenzi ambayo mimi nayasikia tu kwa jirani.
Masharti: chakula chembe chache asubuhi, basi. Taa izimwe jioni. Maji yakipungua, niongeze yasiyo na chumvi. Akiwa mlangoni kaniambia Meneja akifa nisihangaike kupiga simu, nifungashe tu nguo zangu. Akacheka. Mama yake hakucheka.
Nakiri: mchana Meneja alinitazama. Jicho la njaa nalijua, ninalo mwenyewe. Nikamwongezea. Jioni tena, na taa nikamwachia.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Vioo vina ukungu wa kahawia. Mawe yameota nyuzi za kijani. Mama mkwe, kwenye kochi lake linalotazama tangi, kaniuliza: baba, hapa tunafuga samaki au tunalisha mbuzi? Nikacheka kama mkwe mwenye adabu. Moyoni nawaka.
Nikachukua mswaki mpya nikasugua kila kitu humo humo ndani. Mwani ukang'oka, ukasambaa kila kona. Maji sasa ni mboga iliyosagwa. Meneja haonekani. Nimemtupia chakula cha kumpa pole, kwa kukisia alipo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kwa muuza samaki wa mapambo. Kaniambia nipunguze chakula. Nikamwambia sikuja kufundishwa malezi, nimekuja kutafuta dawa. Kanitazama, akanifungia konokono. Eti wanakula mwani usiku na mchana.
Jioni mmoja katoka tangini. Kapanda ukuta, kashuka kwenye mkono wa kochi, kamkuta mama mkwe anasinzia. Yowe lile! Mwenye goti bovu kavuka sebule kwa hatua mbili. Baadaye kaniambia, kwa upole unaoumiza, kwamba kama nimemchoka ningesema tu.

Jumatatu, 10 Machi
Giza! Mwani hauishi bila mwanga. Nimezima taa, nimefunika tangi lote kwa blanketi. Akili hii nilikuwa nimeificha wapi?
Mama watoto kapiga simu. Nimesema kila kitu kinang'aa. Kaomba picha. Nikamwambia kamera ya simu imekufa. Kaniuliza, sasa hapa anayemwona anatoka jasho ni nani? Alikuwa amepiga kwa video.
Nimesema mtandao mbaya, nikakata. Mungu anisamehe. Kisha nikamwonea huruma Meneja, peke yake gizani. Nimeinua pembe ya blanketi nikampa chakula kidogo. Na konokono nao, wasijione watoto wa kambo.

Jumatano, 12 Machi
Maji yamepungua. Niliambiwa niongeze yasiyo na chumvi. Nimewaza sana. Samaki wa bahari, unampaje maji ya bombani? Ndiyo maana anasononeka! Nimekoroga jagi la maji na chumvi ya jikoni, nikaonja, nikaongeza chumvi, nikamimina. Mama mkwe kauliza kama nitaweka na ndimu.

Ijumaa, 14 Machi
Meneja kalala ubavu. Anahema kwa shida. Nimekaa sakafuni mbele ya kioo, mtu mzima, machozi yananilenga.
Nimetoka kunawa uso. Nimerudi, namkuta mama mkwe kainua blanketi, anapukutisha mkate ndani ya tangi. Tumetazamana. Mama wa mke wangu, nimwambie nini? Nikamwamkia. Akaitikia. Kisha akasema naye alimwona ana njaa, tangu ile siku ya kwanza, na mambo ya watu wazima si ya kutangaza.
Nikampigia mama watoto, nikakiri. Chakula, taa, mswaki, konokono, chumvi. Mkate niliuruka. Yeye kauliza: chumvi ya kupikia? Kaniambia maji hukauka ila chumvi hubaki humo humo, kwa hiyo nitoe maji kiasi, niweke yasiyo na chumvi kidogo kidogo, kwa kikombe, bila haraka, na nikishika tena kopo la chakula atajua. Nimechota mpaka mgongo umekataa. Mama mkwe kanishikia kikombe.

Jumamosi, 15 Machi
Karudi. Hakunisalimia mimi, kamsalimia Meneja. Nikafumba macho. Nikasikia anacheka kidogo. Meneja kainuka kutoka chini, kwa tabu, kamfuata kwenye kioo. Yu hai! Nguo zangu zinabaki kabatini.
Mama watoto katoa mawe, kayasugulia nje kwenye ndoo. Kavuta uchafu wa chini kwa mpira wa maji, kabadilisha maji. Nyuma ya jiwe kubwa kakuta tonge la mkate. Kauliza la nani. Mama mkwe kanitazama. Nikasema langu. Mkate, baba watoto, mkate kweli? Mama mkwe akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema yeye alinikataza sana.
Kopo la chakula sasa liko kwenye mkoba wa mama watoto.

Jumatatu, 17 Machi
Nimetubu. Nimetulia, nimefikiri kama msomi. Tatizo halikuwa chakula kingi hata kidogo. Walaji ndio wachache! Samaki mmoja atamaliza vipi? Kinabaki, kinaoza, mwani unashiba.
Nimeshaongea na muuza samaki. Kauliza kama mama watoto anajua. Nikamwambia hayo aniachie mimi, mwenye nyumba. Analeta watatu kesho, mama watoto akiwa kazini: wa bluu, wa njano na wa mistari.
Akiuliza, nitasema Meneja kazaa.