Cheti cha Mama Mkubwa Skolastika

Inatangazwa kwa furaha kwamba huzuni katika bonde la Toirare imekomeshwa rasmi. Aliyeikomesha ni mimi, Aloisi Tanako, Afisa Mwandamizi wa Kitengo cha Utulivu wa Nafsi, cheo nilichopewa na Kampuni pamoja na mhuri na kiti cha ofisi chenye magurudumu.

Kitengo kiliundwa baada ya Kampuni kuuondoa mlima wetu kwa ajili ya shaba na kumwaga kifusi juu ya mashamba. Watu walihamishiwa nyumba za bati, juu ya kokoto. Wakaanza tabia zisizokuwemo kwenye mpango kazi: hawalali, hawali, wanakaa mlangoni kuutazama mlima ambao haupo. Mkurugenzi, Bwana Pendlebury, alihitimisha kitaalamu kwamba ni upungufu wa shukrani.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mkubwa wangu, Skolastika. Kwetu ardhi ni ya wanawake, mama humwachia binti. Kampuni, kwa kuheshimu mila, iliwasainisha wanaume. Shamba lake la magimbi likafukiwa, na kaburi la mama yake pia. Tangu hapo, miaka minne, hakutamka neno. Aliletwa na binti yake Genovefa, aliyeongea kwa niaba ya wote wawili.

"Kwa kipimo cha moja hadi tano," nilisoma fomu, "huzuni yako ni ngapi, mama mkubwa?"

"Muulize bibi yuko chini ya tani ngapi," Genovefa alidakia. "Aloisi, acha ujinga. Huyu ndiye aliyekuwa akikufuta kamasi."

"Hapa mimi ni Afisa."

"Afisa Kamasi."

Niliandika hilo kwenye sehemu ya maoni.

Tiba iliyoidhinishwa ilikuwa kalenda ya Kampuni, yenye picha. Nikampa. Mama mkubwa akafunua Januari, akaona mlima wa nchi ya watu, machozi yakamtoka kimya kimya. Ofisini kulikuwa na vumbi jingi siku hiyo, nami macho yakanisumbua. Nikajaza cheti cha matibabu kwa usahihi wa kikazi. Chanzo: kunyang'anywa shamba. Tiba: shamba, asubuhi na jioni. Bwana Pendlebury alisaini bila kusoma. Alikuwa anawahi gofu, kwenye kiwanja kipya cha Kampuni.

Genovefa alikisoma mara mbili. "Shamba lipi? Letu liko chini ya mawe."

"Cheti hakifafanui."

"Na ule udongo mweusi waliokwangua kabla ya kufukia, waliupeleka wapi?"

Mama mkubwa akainuka.

"Gofu," alisema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Genovefa akapiga kigelegele hadi mhuri ukanidondoka.

Siku tatu zilizofuata Mkurugenzi alisaini vyeti arobaini kama hicho, vyote akiwa anawahi. Siku ya nne, asubuhi, wanawake arobaini waliingia kiwanja cha gofu na majembe. Walinzi walisoma vyeti, wakaiona saini ya bosi, wakafungua geti wakapiga na saluti. Kufikia mchana, nyasi zote zilikuwa zimelimwa na miche ya viazi vitamu imepandwa. Mama mkubwa alikuwa amepiga magoti, mikono imezama udongoni hadi viwiko, anaunusa, anacheka.

"Nani kawaruhusu?" Bwana Pendlebury alifoka.

"Wewe, baba," Genovefa akamwonyesha cheti. "Na saini yako ina mkia mzuri!"

Bwana Pendlebury alipiga simu makao makuu. Wakamjibu kwamba tiba iliyosainiwa na Mkurugenzi husitishwa tu ikithibitika imeshindwa, na kwamba mthibitishaji ni Afisa Mwandamizi. Nilithibitisha: wagonjwa wanalala, wanakula, na mmoja hanyamazi tena.

Wiki mbili baadaye Bwana Pendlebury alikuja Kitengoni, macho mekundu, shati nje.

"Silali, Aloisi. Hawakuniuliza. Nimeamka tu, kiwanja hakipo."

"Foleni inaanzia kule, bwana."

Akaenda kukaa mwisho wa benchi, karibu na mama mkubwa, aliyekuwa amefuata cheti cha jirani. Mama mkubwa alimtazama sana. Akapasua popoo, kokwa ya kutafuna, akampa nusu.

"Tafuna. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Kwenu ni wapi?"

"Mbali, mama. Ng'ambo."

"Kungalipo?"

"Kupo."

"Basi," akasema, akampigapiga begani, "wewe utapona."