Kuanguka Siyo Kuamkia: Utetezi wa Mikanda ya Pedali

Mnyambe, Newala
14 Agosti 1992

Kwa Bwana Mujibu,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mashindano ya Baiskeli, Masasi hadi Newala,
na Wajumbe wote mliohudhuria.

YAH: KUPIGWA MARUFUKU KWA MIKANDA YA PEDALI

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo. Wajumbe mlio wadogo kwangu, marahaba. Naitanguliza kwa kuwa najua mtaniamkia barua hii itakaposomwa. Naomba isomwe kwa sauti, polepole, na mtu asiye na mafua.

Naandika nikiwa mwalimu mstaafu, na pia, jambo lililo kubwa zaidi kwa leo, nikiwa mjomba wa Stefano. Hamhitaji kufundishwa uzito wa mjomba katika nchi yetu hii. Kijana akisifiwa, husifiwa baba yake. Akikataliwa posa, wazee huuliza mjomba wake ni nani.

Tangazo lenu la tarehe 3 mwezi huu limebandikwa kwenye mlango wa ghala la korosho, nami nimelisoma mara nne. Linasema kwamba katika mashindano ya tarehe 5 Septemba kila mshindani atavaa viatu vya kunasa, na kwamba mikanda ya mpira imepigwa marufuku kwa kuwa, nanukuu, "inamzoesha mpanda baiskeli kuteremka ovyo mbele ya wakubwa."

Kwa faida ya Wajumbe wasiopanda baiskeli, ambao kwa hesabu yangu ni wote isipokuwa mmoja, nieleze tunachogombania. Mkanda wa pedali ni kipande cha tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili, kinachofungwa juu ya pedali mfano wa ukanda wa ndala. Mguu huingizwa kwa mbele. Ukishaingia, mpandaji husukuma chini kwa mguu mmoja huku akivuta juu kwa mwingine, na baiskeli hupata nguvu ambayo chai na muhogo peke yake haviwezi kuitoa. Hivyo ndivyo vijana wetu wanavyotupandishia maji kutoka bondeni, madumu mawili kwa safari moja. Akitaka kushuka, hurudisha mguu nyuma. Basi.

Viatu vya kunasa vimetujia kwa njia nyingine. Biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kutufikia bila maelezo, Nurdini muuza mitumba wa Masasi alifungua robota na kukuta jozi kumi na moja za viatu vyenye kipande cha chuma chini ya soli, pamoja na gunia la pedali zake. Chuma hujifunga kwenye pedali, na mtu hujitoa kwa kuzungusha kisigino kwa nje. Habari hiyo ya kisigino haikuwamo ndani ya robota.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Viatu havitoshi. Washindani waliojiandikisha ni sitini na wawili. Katika jozi zile kumi na moja, mbili zilishauzwa kabla Nurdini hajajua ni za nini: moja kwa beki wa timu ya mpira, ambaye mpaka leo anasifiwa kwa kutopitika, na nyingine kwa mwimbaji wetu wa kwaya, wa sauti ya nne, ambaye Jumapili iliyopita alikwenda kupokea sakramenti viatu vikilia ko, ko, ko juu ya sakafu ya saruji, hata Padri akanyanyua macho kuona nani ameingiza punda. Zimebaki jozi tisa. Labda Kamati inakusudia washindani wapokezane njiani.

2. Mchanga ndani ya chuma. Sina haja ya kusema zaidi kwa watu wa Newala.

3. Tukio la Bonifasi. Hapa, Mheshimiwa Mwenyekiti, ndipo penye kidonda, nami nitaeleza taratibu.

Kila mtu hapa amelelewa kujua kwamba ukikutana na mzee ukiwa juu ya baiskeli, unashuka, unasimama, ndipo unaamkia. Kumwamkia mzee ukiwa umekaa juu kuliko kichwa chake ni sawa na kumtupia salamu kama unavyomtupia kuku mtama. Tarehe 26 Julai, Bonifasi wa Chiwata, akiwa amevaa viatu hivyo kwa siku ya kwanza, alipita mbele ya nyumba ya Mzee Dastani, ambaye ndiye mlezi wa mashindano yetu. Alimwona mzee barazani. Kwa malezi yake mema akafunga breki ili ashuke. Baiskeli ilisimama, miguu ilibaki ilipokuwa. Ndipo akaanguka upande, taratibu, kama mti uliokwisha kukatwa, mpaka uso wake ukafika kwenye kandambili za mzee. Na huko chini akasema, "Shikamoo."

Mzee Dastani alisimama. "Marahaba, mwanangu! Marahaba! Inuka sasa, inatosha."

Bonifasi, ambaye bado alikuwa amenaswa miguu yote miwili, akajibu kwa ukweli mtupu, "Bado, mzee."

Inasemekana mzee alitokwa na machozi. Jioni ile aliwaambia wenzake barazani kwamba tangu bendera ya Uhuru ipandishwe hajaamkiwa hivyo, na kwamba viatu hivi vimeletwa na Mungu kurudisha adabu iliyopotea. Kamati, badala ya kufanya uchunguzi, ikatoa tangazo.

Mimi nimefanya uchunguzi. Bi Stamili, jirani anayetenganishwa na baraza ile kwa ua wa matete tu, alikuwa akitwanga, na ameniambia hivi: "Mwalimu, masikio yangu hayajazeeka. Kabla ya shikamoo yule kijana alisema, 'Mama yangu, nakufa!'" Naomba ushahidi huo uingizwe kwenye kumbukumbu. Nilimwuliza Bonifasi mwenyewe, uso kwa uso. Akainamisha kichwa, akasema, "Ndivyo tulivyolelewa kwetu, Mwalimu." Kwao ni Chiwata. Nimefundisha Chiwata miaka saba. Hakuna mtu aliyewahi kuniamkia akiwa amelala.

4. Madhara kwa jamii. Tangu siku hiyo wazee watatu wa kijiji hiki wamehamishia viti vyao kando ya barabara, mahali penye mteremko. Kijana akishuka kwenye baiskeli yake ya mikanda na kusimama wima kwa heshima, wanamtazama, wanangoja, kisha wanaulizana, "Huyu mbona kasimama?" Juzi kijana mmoja aliyekuwa akitembea kwa miguu, hana hata baiskeli, alipotoa shikamoo aliambiwa, "Na chini je?" Tukiliacha jambo hili, litafika wapi? Mwendesha pikipiki atatakiwa afanye nini? Na dereva wa lori la korosho, akimwona baba mkwe wake kando ya barabara, alilaze lori na magunia yote? Kamati imejiandaa kwa hilo?

5. Posa. Mpwa wangu Stefano amemchumbia Oliva, binti wa Mzee Dastani, kwa utaratibu wote na kwa ridhaa ya binti. Mimi mwenyewe nilipeleka barua ya posa. Kwa miezi mitano amekuwa akimshushia mzee maji mlangoni kila asubuhi, na kila asubuhi ameshuka, amesimama, ameamkia. Jumatatu iliyopita mzee aliniita, akasema, "Mwalimu, kijana wako ni mchapakazi, sikatai. Lakini ananiamkia kama karani anayenipa risiti. Ningependa mkwe wa aina ya yule wa Chiwata. Mashindano yakiisha, nitatoa jibu." Bonifasi, ambaye kabla ya hapo hakuwa hata akilijua jina la Oliva, sasa amenunua shati.

Oliva amesema wazi mbele ya mama yake, "Mimi naolewa na mtu, siolewi na anguko." Mama Oliva akamjibu, "Kamwambie baba yako, mimi sina mdomo huo." Naye Stefano alikuja kwangu, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akaniuliza, "Mjomba, kwani nilikuwa nashuka vibaya?" Waheshimiwa, nilijifanya nakagua mikanda yake, mimi niliyelipwa mshahara miaka thelathini na moja kwa ajili ya kujibu maswali.

Kwa hiyo naomba Kamati ifanye mambo yafuatayo. Kwanza, iondoe marufuku, na mikanda ya pedali ikubaliwe kuwa chombo halali cha mpanda baiskeli mstaarabu, kwa sababu ile ile mliyoilaumu: inamwachia mtu mguu wake pale anapouhitaji. Mkanda wa mpira haujawahi kumkatalia mtu kushuka, na wala hautamkatalia. Kwa hilo naweka jina langu. Pili, itoe tamko, lisainiwe na Mwenyekiti na kubandikwa kwenye mlango ule ule wa ghala, lenye maneno haya tu: "Kuanguka siyo kuamkia." Tatu, tamko hilo apelekewe Mzee Dastani na mjumbe mwenye ulimi laini, kwa maana sitaki mzee wangu aaibike. Machozi yake yalikuwa ya kweli, ingawa sababu yake ilikuwa chuma.

Wasalimie nyumbani, Bwana Mwenyekiti. Mama Maryam na watoto, na yule mkwe wenu wa Masasi ambaye hajarudisha ngazi yangu. Wasalimie Wajumbe mmoja mmoja kwa majina, hata wale waliolipigia kura tangazo. Sisi wa Mnyambe hatujambo, isipokuwa kwa mambo matano niliyoyataja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa na katika matumizi sahihi ya pedali,

Nathanaeli Chilumba
Mwalimu Mstaafu, Mjomba

Tanbihi: Nimeifungua tena bahasha. Asubuhi ya leo nilimkabidhi Stefano barua hii aifikishe Newala, baada ya kushusha maji kwa Mzee Dastani kama kawaida. Ili mikanda yake ionekane nadhifu mbele ya Kamati, niliifunga upya kwa mkono wangu, kwa fundo la mara mbili. Mzee alikuwa mlangoni. Stefano akarudisha mguu wa kulia, ukatoka. Akarudisha wa kushoto. Walikwenda chini pamoja: yeye, baiskeli na madumu yote mawili, vifuniko vikaruka, na lita arobaini za maji ya bondeni zikamwagika juu ya miguu ya mzee katikati ya neno shikamoo. Katika kijiji hiki, ambamo watu hunawa uso kwa kikombe kimoja cha maji! Mzee alisimama ndani ya tope, akasema, "Yule mwingine aliniamkia kwa vumbi. Huyu kaniamkia kwa maji." Posa imekubaliwa kabla ya saa tatu.

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote matano, na tamko nililoomba lisibandikwe popote. Kama karani wenu amekwisha kulinakili barua ikisomwa, alipake wino. Ushahidi wa Bi Stamili pia nauondoa, kwani leo tena alikuwa akitwanga, nami sijamwuliza alisikia nini. Kuhusu mikanda, naunga mkono marufuku kwa washindani wengine wote. Ya Stefano iachwe, maana mguu wa kushoto ungali umo, na wakwe wamesema mkanda usikatwe mpaka ukoo mzima upite kuuona.